Usaili wa Kazi ya Uuzaji katika Duka la Elektroniki: Kupimana kwa Pande Mbili

Utangulizi

Msomaji wa kijitabu hiki amezoea kutusikia tukizungumza na mnunuzi: adai risiti, asome masharti ya waranti, akague bidhaa kabla ya kulipa. Katika somo hili tunazungumza na mtu wa upande wa pili wa kaunta, au anayetarajia kusimama hapo. Naye ni kijana aliyemaliza kidato cha nne au mafunzo ya ufundi, anayekwenda kusailiwa kwa mara ya kwanza ili apate kazi ya uuzaji katika duka la simu, redio, televisheni, majokofu na vifaa vya sola.

Tumeliweka somo hili miongoni mwa masomo ya ulinzi wa mtumiaji kwa sababu mbili. Kwanza, haki nyingi za mnunuzi hutimizwa au huvunjwa na muuzaji wa kaunta, hata kabla mwenye duka hajapata habari. Pili, mwombaji wa kazi naye ni mnunuzi wa namna yake. Hutoa muda wake, nguvu zake na jina lake jema ili apate ujira. Kwa hiyo naye apaswa kukagua anachopewa kabla ya kukikubali.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze:
1. kueleza ni mambo gani msaili huyatafuta kwa mwombaji asiye na uzoefu;
2. kujibu maswali ya kawaida ya usaili kwa ukweli na kwa hesabu;
3. kuuliza yeye mwenyewe maswali manne ya lazima kabla ya kukubali kazi.

Desturi ya kupatana katika njia ya misafara

Mkoa wa Tabora una historia ndefu ya ajira na biashara ya bidhaa zitokazo mbali. Katika karne ya 19 mji huu, uliojulikana pia kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kwa kawaida kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na safari ilichukua miezi.

Mpagazi wa kulipwa hakuinua mzigo kabla ya kupatana. Alitaka kujua uzito wa mzigo, mahali unapokwenda, posho ya njiani, na idadi ya mikono ya nguo atakayolipwa. Tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, ambao hawakuulizwa neno. Mzigo wa mtumwa na wa mpagazi huenda ulilingana kwa uzito, lakini mpagazi alikuwa na patano. Patano ndilo lililofanya jasho lake liwe kazi.

Wanunuzi wa bara nao walikuwa wajuzi. Nguo nyeupe ya pamba iliyotoka Marekani, iliyoitwa merikani, ilitambuliwa na kutofautishwa na nguo nyingine. Ushanga ulikuwa na aina na majina mengi, na ule mwekundu ulioitwa sami-sami ulipendwa sana. Mfanyabiashara aliyefika na ushanga usiotakiwa mahali fulani aliweza kukosa hata chakula, japo mizigo yake ilikuwa imejaa. Aliyefanikiwa ni yule aliyeuliza kwanza wenyeji wanahitaji nini.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Bidhaa zimeendelea kuja kutoka pwani: leo ni simu, televisheni na paneli za sola zinazoshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Yale mambo mawili ya zamani bado yana kazi. Muuzaji mwema huuliza kabla ya kuuza, na mfanyakazi mwenye busara hupatana kabla ya kubeba.

Msaili anatafuta nini

Waombaji wengi hudhani kwamba wataulizwa mambo mazito ya ufundi, wakakata tamaa mapema. Kwa kazi ya kuanzia, mwajiri hutegemea kumfundisha mfanyakazi majina ya bidhaa na bei zake. Yapo mambo matatu ambayo ni vigumu kuyafundisha, na hayo ndiyo anayoyatafuta.

La kwanza ni uaminifu. Duka la elektroniki lina vitu vidogo vya thamani kubwa. Simu moja mfukoni yaweza kuzidi mshahara wa mwezi. La pili ni usikivu. Wateja wa Tabora hutoka pia Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui na Nzega, na wengi ni wakulima wanaonunua mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza tumbaku, pamba au asali. Mteja wa namna hiyo akiuziwa kitu kisichomfaa, hana fedha ya kununua kingine mpaka msimu ujao. La tatu ni utayari wa kusema, "Sijui, lakini nitamwuliza anayejua." Muuzaji anayebuni majibu hulitia hasara duka na mteja pamoja.

Maandalizi

Kabla ya siku ya usaili, tunamshauri mwombaji afanye mambo yafuatayo.

Aandae nakala za vyeti, namba ya kitambulisho cha taifa, na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, kwa kuwa maduka mengi huihitaji. Vyeti halisi avichukue kwa ajili ya kuonyesha tu, kisha arudi navyo nyumbani. Kama atatakiwa kuleta wadhamini, azungumze nao mapema na kuwaeleza wanachokidhamini.

Alitembelee duka lenyewe, au jingine la aina hiyo, kama mnunuzi. Atazame bidhaa zilizopo, asome maandishi ya nyuma ya televisheni au jokofu, na ajifunze kutofautisha volti na wati. Umeme wa gridi nchini kwetu ni wa volti 230. Uniti moja ya LUKU ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Kwa hiyo televisheni ya wati 100 ikiwashwa kwa saa 5 hutumia nusu uniti. Mwombaji awezaye kufanya hesabu hiyo kichwani atamsaidia mteja wake tangu siku ya kwanza.

Mwisho, avae nguo safi za heshima, afike kabla ya saa iliyopangwa, na awasalimu wote atakaowakuta, akiwamo mlinzi na mfagizi.

Maswali yaulizwayo na namna ya kuyajibu

Swali la 1: "Tueleze habari zako."

Msaili hahitaji historia ya ukoo mzima. Sentensi nne zatosha: jina, elimu, kazi yoyote uliyowahi kuifanya kwa uaminifu, na sababu ya kuitaka kazi hii. Kumsaidia mama kuuza sokoni, kutunza fedha za kikundi cha kwaya, au kurekodi mavuno ya familia ni uzoefu halali. Useme bila kuona haya na bila kuongeza chumvi.

Swali la 2: "Mimi ni mteja. Niuzie televisheni."

Jaribio hili hupendwa na wasaili wengi. Kosa la kawaida ni kuanza kusifu bidhaa papo hapo. Tuchukue mfano wa msaili anayejifanya mkulima mtu mzima kutoka Sikonge.

Mwombaji: Shikamoo, mzee. Karibu dukani.
Msaili: Marahaba, binti. Nataka televisheni. Nipe ile kubwa kuliko zote.
Mwombaji: Ahsante, mzee. Kabla sijaishusha, naomba nikuulize: nyumbani mnatumia umeme wa TANESCO au wa sola?
Msaili: Wa sola. Nina betri moja ya asidi, imeandikwa volti 12, Ah 100.
Mwombaji: Betri hiyo ikijaa huhifadhi kiasi cha wati 1,200 za saa moja. Betri za asidi hudumu zaidi zisipotumiwa kupita nusu, kwa hiyo kwa usiku mmoja tuna kama 600. Televisheni ile kubwa imeandikwa wati 150. Ikiwaka saa 4, itazimaliza zote 600, na taa zitakosa umeme. Hii ndogo imeandikwa wati 40. Kwa saa 4 itatumia 160 tu.
Msaili: Lakini roho yangu imependa ile kubwa.
Mwombaji: Nimekuelewa, mzee. Ukiichukua, itakubidi uongeze betri na paneli, na kwa kuwa ni ya volti 230 itahitaji inveta. Nitakuandikia gharama ya zote mbili, kisha uamue mwenyewe.

Tazama alichokifanya mwombaji huyu. Aliuliza kabla ya kuuza. Alitumia hesabu badala ya sifa. Hakumdharau mzee wala hakumzuia kununua. Aliuacha uamuzi mikononi mwa mwenye fedha, lakini baada ya kumweka wazi.

Swali la 3: "Utaitambuaje simu halisi?"

Swali hili lina historia yake. Katikati ya Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia zisitumike katika mitandao ya nchi. Wananchi waliokuwa wamezinunua kwa fedha zao halali walibaki na vifaa visivyopiga wala kupokea. Muuzaji alikwisha kupokea fedha yake. Hasara ikabaki kwa mnunuzi.

Jibu zuri ni hili: "Nitabonyeza *#06# ili namba ya IMEI yenye tarakimu 15 itokee kwenye kioo. Nitailinganisha na namba iliyoandikwa kwenye boksi, na nitaiandika kwenye kumbukumbu za mauzo. Zikitofautiana, sitaiuza mpaka msimamizi atoe maelezo." Mwombaji akiongeza kwamba atafanya hivyo mbele ya mteja ili mteja naye ajifunze, atakuwa amejibu vizuri zaidi.

Swali la 4: "Mteja amerudisha jokofu akiwa na hasira. Utafanyaje?"

Jibu lifuate utaratibu: kusikiliza mpaka mwisho, kuomba risiti na karatasi ya waranti, kukagua bidhaa, kisha kueleza hatua inayofuata na siku ya kupata jibu. Mwombaji aepuke kusema, "Bidhaa ikishauzwa hairudi." Tangazo hilo hubandikwa katika maduka mengi, lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa iuzwayo na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo yapaswa kuwa na ubora wa kufaa kuuzwa. Kuna tofauti kati ya mteja aliyebadili mawazo na mteja aliyeuziwa kitu kibovu.

Swali la 5: "Mteja anataka umpunguzie bei ili asipewe risiti. Utasemaje?"

Mwombaji aseme waziwazi kwamba atatoa risiti ya mashine ya EFD yenye kiasi halisi kilicholipwa. Risiti humlinda mnunuzi anapodai waranti, humlinda mwenye duka mbele ya mamlaka ya kodi, na humlinda muuzaji mwenyewe hesabu za jioni zinapokaguliwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali gumu kuliko yote

Yaweza kutokea msaili akauliza: "Tukikuambia umwambie mteja kwamba simu iliyokwisha kutumika ni mpya, utatii?" Huenda anapima uaminifu wako, huenda ndivyo duka linavyofanya kazi. Kwa vyovyote vile, jibu letu ni moja: "Nitaiuza kama simu iliyotumika, na nitaeleza vizuri uzuri wake na bei yake nafuu."

Jibu hili lina adabu, nalo halina uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji na kutoa kauli za uongo kuhusu bidhaa, ikiwa ni pamoja na kusema kwamba bidhaa ni mpya ilhali sivyo. Tena, mteja aliyedanganywa hurudi kwa yule aliyemwona kwa macho. Mwenye duka anaweza kuwa Dar es Salaam au Mwanza. Wewe utakutana na mteja huyo sokoni, msikitini, kanisani au msibani.

Tunajua kwamba mwenye shida hana kauli nyingi, na kwamba ni rahisi kwa mwandishi kumwambia asiye na kazi aikatae kazi. Hata hivyo, mwajiri anayemtaka mfanyakazi amwibie mteja kwa maneno hatashindwa kumwibia mfanyakazi kwa hesabu. Jambo hili ni dalili, na dalili hutazamwa mapema.

Maswali manne ya mwombaji

Mwishoni mwa usaili, mwombaji huulizwa kama ana swali. Wengi hujibu, "Sina," wakiogopa kuonekana wajuaji. Tunawasihi wasiiache nafasi hiyo. Waulize kwa upole, wakianza na maneno kama "Naomba kufahamu," yafuatayo:

1. Nitapata mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yenye aina ya kazi, siku ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Kipindi cha majaribio nacho ni ajira. Hakimaanishi kufanya kazi bure.

2. Saa za kazi ni zipi? Kiwango cha kawaida hakizidi siku 6, saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Tufanye hesabu. Duka likikutaka kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, ukapumzika saa moja, umefanya kazi saa 9. Kwa siku 6 ni saa 54. Saa 9 za juu ni za ziada: huhitaji makubaliano, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

3. Mshahara ni kiasi gani, hulipwa lini, na michango ya NSSF hupelekwa? Kamisheni ya mauzo ni jambo jema, lakini iandikwe jinsi inavyokokotolewa.

4. Bidhaa ikipotea au ikiharibika, utaratibu ni upi? Hili ndilo swali lisiloulizwa, na ndilo linalowaliza wauzaji wengi. Sheria hairuhusu mwajiri kukata tu apendavyo. Mfanyakazi awe amekubali makato kwa maandishi; hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake; mwajiri awe ameeleza kwa maandishi chanzo na kiasi chake; mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kupinga; deni lisizidi hasara halisi; na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa mfano, mshahara ukiwa shilingi 400,000 na simu iliyopotea kwa uzembe wako ikiwa ya shilingi 350,000, makato hayawezi kupita shilingi 100,000 kwa mwezi. Deni litalipwa kwa miezi minne, nawe utaendelea kula.

Kwa sababu hiyo, usitie saini karatasi isemayo kwamba wafanyakazi wote watagawana kila hasara, wala karatasi yenye nafasi tupu. Pia, siku ya kuanza kazi, omba muhesabu pamoja bidhaa zilizo chini yako na kuandikiana. Usipofanya hivyo, utabebeshwa upungufu wa aliyekutangulia.

Maswali yasiyofaa na matangazo ya udanganyifu

Sheria hiyo ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi mahali pa kazi, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji. Kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na hali ya VVU si vigezo vya kumnyima mtu kazi ya kuuza redio. Mwombaji akiulizwa kama ana mpango wa kuzaa, anaweza kujibu kwa heshima: "Niko tayari kufuata ratiba ya kazi kama itakavyoandikwa katika mkataba."

Tahadhari nyingine ni matapeli. Mtu anayekutaka utume fedha za fomu, sare au mafunzo kwa simu kabla ya usaili hana kazi ya kukupa. Usaili wa duka hufanyika dukani au ofisini, mchana, mahali panapojulikana. Ukiitwa kwingine, usiende peke yako, na uwaarifu nyumbani. Kazi haiuzwi, si kwa fedha wala kwa mwili.

Anayeona haki yake ya kazi imevunjwa amwone Afisa Kazi wa mkoa, au apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayeuziwa bidhaa bandia au kudanganywa kuhusu bidhaa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani.

Zoezi la kujipima

1. Jokofu limeandikwa kwamba hutumia uniti 0.8 kwa siku. Mweleze mteja litatumia uniti ngapi kwa siku 30.
2. Mteja anataka simu bila boksi wala risiti kwa bei ya chini. Andika maneno utakayomwambia.
3. Soma kwa sauti, mbele ya ndugu au rafiki, maswali manne ya mwombaji. Yarudie mpaka uweze kuyauliza bila woga na bila ukali.
4. Mshahara ni shilingi 320,000. Makato ya hasara kwa mwezi yasizidi kiasi gani?

Majibu: Swali la 1 ni uniti 24. Swali la 4 ni shilingi 80,000. Swali la 2 na la 3 hayana jibu moja. Mpe mtu mzima unayemwamini akusikilize, na umwulize kama angenunua kitu kwako.